Mzee ana nyumba yake: jinsi ya kumwandikisha apate pesa za wazee

Mzee wa miaka 70 mwenye nyumba yake anaweza kupokea pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa fedha wasiojiweza na wazee. Tunaanza na hilo kwa sababu wengi wamekatishwa tamaa na maneno ya njiani, "wewe una nyumba ya mawe, hizo pesa ni za maskini", wakaamini, na hawajawahi kufika kwa chifu. Masharti ya msingi ni machache: awe raia wa Kenya, awe ametimiza miaka 70, asiwe anapokea pensheni, na asiwe tayari yumo kwenye mpango mwingine wa fedha wa serikali, kama ule wa mayatima au ule wa watu wenye ulemavu mkubwa. Kumiliki nyumba hakumo.

Nyumba huja kuleta shida kwingine. Mwaka 2018 mpango ulipanuliwa ukafungulia wazee wote waliofika miaka 70 wasio na pensheni, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini usajili wa miaka ya karibuni umekuwa ukipitia dodoso la kaya. Majibu huingizwa kwenye sajili ya pamoja ya hifadhi ya jamii, na kompyuta hukadiria kutokana nayo hali ya maisha ya watu wa nyumba ile: ukuta ni wa nini, sakafu, paa, vyumba vingapi, choo cha aina gani, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mna ng'ombe wangapi. Hapo ndipo nyumba inapoweza kumwangusha mtu ambaye hana hata shilingi ya chumvi. Nyumba ya mzee husimulia mapato ya zamani. Mabati aliyoezeka mwaka 1985 kwa malipo ya miwa, wakati kiwanda cha Mumias kikisaga usiku na mchana, hayamletei unga leo.

Tumemwandikia mtoto, mkaza mwana au mjukuu anayemsaidia mzee, kwa sababu mara nyingi ndiye atakayekuwa pale afisa akiuliza maswali.

Nyumba ya kulala na nyumba ya kupangisha

Kabla ya lolote, kaa na mzee mtenganishe vitu viwili: nyumba anayolala na nyumba inayomletea pesa. Watu huvichanganya, hata maafisa, na anayeumia ni mwenye nyumba moja tu.

Nyumba ya kulala hailipi mtu. Kinyume chake inakula: misumari ya paa, udongo wa kukandika upya kila baada ya mvua ndefu, choo kikijaa kuchimba kingine, na kama iko kwenye ploti ya mji kama Nakuru au Kisumu, ada za ardhi za kaunti. Kwa maoni yetu nyumba hiyo isingepaswa kuhesabiwa hata kidogo, na hatuoni aibu kusema hivyo mbele ya afisa yeyote.

Nyumba za kupangisha ni habari nyingine. Hizo ni mapato na zisemwe. Ukizificha, wapangaji wenyewe watakuwa wamekaa kwenye nyasi siku ya baraza la kuthibitisha majina, na mmoja atainua mkono. Linalotakiwa ni kusema kiasi cha kweli badala ya kile kinachovumishwa mtaani. Tuseme nyanya ana vyumba vinne vya mabati Manyatta, Kisumu, kila kimoja shilingi 2,000. Majirani watasema anakula elfu nane kila mwezi. Piga hesabu ya mwaka. Vyumba vinne kwa miezi 12 ni 96,000. Chumba kimoja kikikaa bila mtu miezi mitatu, toa 6,000. Kunyonya choo na kubadilisha mabati ya upande mmoja, toa 14,000. Ada ya ploti na maji ya uani, toa 4,000. Zimebaki 72,000, yaani 6,000 kwa mwezi. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi moja, uweke risiti ulizo nazo nyuma yake. Afisa anayesikia "elfu nane" hana sababu ya kuandika sita mpaka aone karatasi.

Wengine hudanganya kuhusu wapangaji kwa kuogopa KRA, mamlaka ya kodi. Hofu hiyo haina msingi kwa wazee wengi: kodi ya mapato ya nyumba za kuishi huanza pale jumla ya kodi za wapangaji inapofika shilingi 288,000 kwa mwaka, na tangu Januari 2024 kiwango chake ni asilimia 7.5 ya jumla hiyo. Nyanya wa Manyatta na 96,000 zake hajakaribia.

Kuna hali ya katikati, ambayo Nakuru ni ya kawaida sana: mzee analala chumba kimoja Kaptembwo, vingine viwili vya mlango huohuo amepangisha. Hapo sema vyumba vyote, kisha taja anachotumia yeye. Ukisema "nyumba ya vyumba vitatu" ukanyamaza, itaandikwa kwamba mtu mmoja anaishi vyumba vitatu, na picha hiyo ni ya tajiri.

Kaya ni chungu kimoja, si boma zima

Hapa ndipo makosa mengi ya magharibi ya Kenya yanapotokea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Katika takwimu za Kenya, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja, na wanaopika na kula pamoja. Boma ni kitu kingine. Chukua boma la kawaida la Vihiga au Siaya. Ukiingia langoni, jambo la kwanza kuona ni nyumba ya mawe ya kijana aliye Nairobi: vioo madirishani, mlango wa chuma, kufuli kubwa, na nyasi zimeota kwenye ngazi kwa sababu mwenyewe huja Desemba. Kando yake iko nyumba ya mama, kuta za udongo, mabati yameingia kutu mpaka yamekuwa rangi ya chai. Nyuma, karibu na migomba, simba, yaani kibanda cha udongo cha kijana, ya kitinda mimba. Afisa mwenye tableti ana boma kumi na tano za kumaliza siku hiyo. Akisimama langoni, ataona mawe na ataandika mawe.

Kwa hiyo usimngojee mkiwa mmekaa kwenye baraza ya nyumba ya mawe, hata kama ndiko kwenye viti vizuri. Heshima ya mgeni inajulikana, lakini siku hiyo mpokee mlangoni kwa mama. Mwonyeshe kitanda kilipo, mwonyeshe mafiga au jiko la makaa analopikia, na mwache aone sakafu. Sema kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mama anapika na kulala hapa. Nyumba ile ni ya fulani, ana jiko lake na familia yake Nairobi. Simba ile ni ya kijana, anakula kwa mama." Kwa maneno hayo afisa ana watu wawili kwenye kaya na nyumba mbili za udongo. Bila hayo ana boma lenye nyumba ya mawe.

Hali ngumu zaidi ni pale kijana alipomjengea mama nyumba ya mawe na mama analala humo kweli. Ukuta ni wa mawe, utaandikwa wa mawe, na hakuna njia ya halali ya kuubadilisha. Lakini yapo maswali mengine ambayo watu huyajibu ovyo. Ni nani alijenga? Stima imewekwa, je, tokeni hununuliwa mara ngapi na nani, au wanalalia taa ya sola? Maji yako bombani au mama anaenda kisimani? Msaada unatoka wapi na ni kiasi gani? "Watoto wananisaidia" ni jibu la heshima, mzee yeyote atalitoa kwa sababu hataki watoto waonekane wamemtupa. Kwenye dodoso jibu hilo humfanya aonekane analipwa mshahara. Mzoeshe mapema kutaja kiasi na mwezi: "Kijana alituma 1,500 mwezi wa Machi, na 1,000 wakati wa Pasaka." Huko si kumshtaki mtoto, na mweleze mzee hivyo kabla ya siku yenyewe, maana mbele ya mgeni hatakubali kuaibisha ukoo.

Ikiwa mzee anaishi nyumba moja na mwanawe mwenye kazi, wanakula chungu kimoja, basi ni kaya moja na mshahara wa mwana utahesabiwa. Kuna wanaohamisha masufuria ya mzee kwenda jikoni la nje wiki ya dodoso. Wazee wa kijiji wanajua nani anakula wapi.

Na kama mzee ana nyumba Bungoma lakini kwa sasa anakaa kwa binti yake Rhonda, Nakuru, kwa sababu ya dawa? Aandikishwe anakoishi kweli. Usajili unafuata lokesheni, na namba ya kitambulisho ni moja, kwa hiyo kujaribu pande zote mbili kutaonekana. Nyumba iliyofungwa Bungoma itajwe kama ilivyo: ipo, haina mtu, haileti kitu.

Makaratasi

Hati miliki ya shamba haihitajiki ili kujiandikisha. Kinachohitajika ni kitambulisho cha taifa cha mzee, kitambulisho cha mlezi atakayemsaidia kuchukua pesa, na namba ya simu. Kwa hizi tatu ndiko kuna vikwazo vingi.

Umri husomwa kwenye kitambulisho. Mzee akisema alizaliwa wakati wa vita vya pili, lakini kitambulisho kinasema 1958, mfumo utaona hajafika 70 na hautaendelea. Kurekebisha ni kupitia ofisi ya usajili wa watu, dirisha lake liko pia katika Huduma Centre za Nakuru, Kisumu na Kakamega. Peleka ushahidi ulio wa zamani kuliko kitambulisho: kadi ya ubatizo, cheti cha shule kama kipo, na barua ya hospitali ya serikali ya kukadiria umri. Anza miezi kabla ya usajili. Mzee aliyerudishwa kwa umri hawezi kukata rufaa kuhusu nyumba, kwa sababu nyumba haikufikiwa.

Majina nayo yafanane. "Wafula Simiyu" kwenye kitambulisho na "Simiyu Wafula" kwenye laini ya simu ni watu wawili machoni pa mfumo wa malipo.

Kuhusu pensheni, kuna wajane ambao bado wanaonekana kwenye orodha za pensheni ya marehemu waume zao. Pensheni ya wategemezi wa mtumishi wa serikali kwa kawaida hulipwa miaka 5 baada ya kifo kisha husimama. Ikiwa imesimama, tafuta barua au taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya mwisho. Aliyechukua akiba yake yote ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, kwa mkupuo miaka iliyopita hapokei pensheni ya kila mwezi. Aulizwe vizuri, ajibu vizuri.

Ingawa hati haihitajiki, jua imeandikwa jina la nani. Wajane wengi wakiulizwa "shamba na nyumba ni vyako?" husema ndiyo, ilhali hati bado iko kwa jina la mume au hata la baba mkwe, na mirathi haijafanywa. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mjane mwenye watoto ana haki ya kutumia mali isiyohamishika ya mumewe maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza atakavyo. Jibu sahihi basi ni: "Naishi hapa, hati iko kwa jina la marehemu, mirathi bado." Asiseme amepanga, maana huo ni uongo, na asiseme ni mwenye shamba la kuuza, maana si kweli.

Siku ya dodoso

Afisa atafika na mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Usajili haulipiwi. Anayeomba "ya soda" ili aandike matope badala ya mawe hawezi kukuhakikishia chochote, kwa sababu alama za kaya hutoka kwenye kompyuta, hazitolewi pale uani.

Baada ya nyumba, maswali yanayoharibikiwa zaidi ni ya shamba na mifugo. Hati ikisema ekari tatu na wana wawili wamekwisha kugawiwa na kujenga, mzee analima kipande gani? Taja hicho, na utaje kwamba vingine viko mikononi mwa nani. Ng'ombe pia: magharibi kuna desturi ya kuwekeza mnyama kwa mtu mwingine amchunge, anywe maziwa, na ndama wagawanywe. Ng'ombe wa namna hiyo aliye uani kwa mzee si wake. Asiposema, atahesabiwa wake.

Maswali ya namna hii hii huulizwa pia na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inapokadiria mchango wa kaya zisizo na ajira rasmi: asilimia 2.75 ya mapato yaliyokadiriwa, na isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Paa, ukuta, choo, vilevile. Jibu sawa kote. Mtu aliyesema sakafu ni saruji kwa SHA na samadi kwa Inua Jamii anajitafutia maswali.

Mwisho omba kusomewa majibu kabla afisa hajayatuma. Haichukui dakika tano. Andika kwenye daftari tarehe, jina la afisa, na majibu ya ukuta, sakafu, paa, vyumba na idadi ya watu. Daftari hilo ndilo litakalokufaa jina likikosekana.

Kuhamisha hati ili mzee aonekane maskini

Tunasikia ushauri huu kila mara: mwandikie kijana shamba, mzee abaki mikono mitupu, atapita. Ni ushauri mbaya kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba haubadilishi kitu. Dodoso linauliza ukuta anaolalia mzee ni wa nini. Halipigi simu kwa ofisi ya ardhi. Hati ikihama, ukuta umebaki palepale na alama ni zilezile.

Ya pili ni hatari yenyewe. Zawadi ya shamba ikishasajiliwa imekwenda. Kijana anaweza kuiweka benki kwa mkopo, mkopo ukamshinda, na dalali akaja kupiga mnada nyumba ambayo mama yake amelala ndani. Tena hatua zenyewe si za bure wala si za siku moja: shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na kama mzee ana mke au mume, idhini yake ni lazima kwa nyumba ya ndoa. Yote hayo kwa ajili ya shilingi 24,000 kwa mwaka.

Kama familia ina sababu nyingine nzuri ya kugawa shamba mzee akiwa hai, igawe kwa sababu hiyo, na mzee abakishe kwa jina lake kipande chenye nyumba anayolala.

Barazani

Majina hupelekwa mbele ya wananchi ili wayathibitishe. Hapo ndipo mtu atasimama na kusema, "Yule ana nyumba kubwa kuliko sisi." Mlezi awe tayari na jibu la sentensi mbili, zaidi ya hapo ni mabishano: "Nyumba ilijengwa zamani na haileti kodi. Masharti ni umri na pensheni, na yeye hana pensheni."

Mkitaka kwenda mbali zaidi, iwe barazani au katika vikao vya maoni ya wananchi kuhusu sheria za hifadhi ya jamii, ni vizuri kujua wengine wanafanyaje. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mkaazi wa miaka 70, wakati huo shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila kuuliza nyumba. Uganda, ng'ambo tu ya Busia na Malaba, hutoa shilingi 25,000 za kwao kwa wazee wa miaka 80 na zaidi, na kinachoangaliwa ni umri. Afrika Kusini hupima mali, lakini nyumba ambayo mwombaji anaimiliki na kuishi ndani yake haihesabiwi.

Australia ndiyo iliyoupangia jambo hili kanuni nyingi zaidi. Pensheni yao ya uzeeni hupima mali, na nyumba ya kuishi huachwa nje pamoja na kiwanja chake hadi hekta 2 zilizo kwenye hati moja. Lakini mwenye nyumba huwekewa kikomo cha chini zaidi cha mali nyingine. Kwa viwango vya Julai 2025, mtu asiye na mwenzi mwenye nyumba hupata pensheni kamili akiwa na mali nyingine isiyozidi dola 321,500 za Australia, na asiye na nyumba dola 579,500. Ukipita hapo, kila dola 1,000 za ziada hupunguza dola 3 kwa malipo ya wiki mbili. Na mbinu ya kugawa mali ili uonekane huna wameizibia: zawadi inayozidi dola 10,000 kwa mwaka, au 30,000 kwa miaka mitano, huendelea kuhesabiwa kuwa yako kwa miaka mitano.

Utaratibu wa Australia unajibu lalamiko moja ambalo hapa kwetu hatupendi kulisikia. Mzee anayelipa 3,000 za chumba Nyalenda, Kisumu, anapokea 2,000 sawasawa na mwenye nyumba yake, na zote zinaishia kwa landilodi kabla hajanunua sukari. Lalamiko lake ni la haki. Dawa yake ingekuwa kumwongezea mpangaji, na wala haiponyi lolote kumnyima mwenye nyumba, ambaye hawezi kumega tofali akalipeleka posho mill.

Jina likikosekana

Usianze na kelele kwa chifu. Chifu huenda hana majibu, kwa kuwa alama zimetoka kwenye mfumo. Nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, mwombe aangalie namba ya kitambulisho, akuambie jina limesimama wapi: halikuandikwa, limeandikwa lakini umri haukufika, limeshindwa kwa alama za kaya, au limepita linangoja nafasi kwenye bajeti. Hizi ni hali nne tofauti na kila moja ina dawa yake. Ya mwisho haina rufaa, ni kungoja.

Ikiwa ni alama za kaya, leta daftari lako na uandike barua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa serikali unapomgusa vibaya, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Barua iwe fupi:

"Mimi ni mlezi wa (jina, namba ya kitambulisho), miaka 74, wa lokesheni ya ... Alihojiwa tarehe ... Naomba kuonyeshwa majibu yaliyoingizwa kuhusu ukuta, sakafu, paa, idadi ya vyumba na idadi ya watu wa kaya. Naamini nyumba ya jirani katika boma moja iliandikwa kuwa yake. Naomba kaya yake ihojiwe upya na nipewe sababu za uamuzi kwa maandishi."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Pia piga 1533, namba ya bure ya Inua Jamii, uombe namba ya lalamiko. Siku 21 zikipita kimya, nakala yenye muhuri na namba ya lalamiko vipeleke kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo husikiliza malalamiko kuhusu ofisi za serikali bila malipo.

Akishaingia

Laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe, hata kama simu ni mulika mwizi. Laini ya mjukuu hukataliwa, au hufanya kazi mpaka siku mjukuu atakapochukua mkopo wa simu wa Fuliza na pesa za nyanya zikakatwa juu kwa juu. PIN aijue mzee na mlezi, asiijue ajenti. Malipo huchelewa na wakati mwingine huja ya miezi miwili au zaidi pamoja, kwa hiyo usikubali dukani mkopo wa "utalipa pesa za wazee zikiingia" kwa riba.

Pesa zisizochukuliwa kwa muda mrefu husababisha jina kusimamishwa. Mzee akilazwa, mlezi amjulishe afisa wa kaunti ndogo mapema.

Na nyumba ikibadilika baada ya kuandikishwa, kijana akijenga ya mawe au mzee akianza kupangisha chumba, semeni wenyewe wakati wa uhakiki. Mzee akihama kabisa, mathalani kutoka Luanda ya Vihiga kwenda kwa binti Nakuru, chifu wa alikotoka na wa alikofika wote waambiwe, ili faili lihamishwe. Asipofanya hivyo, siku ya uhakiki ataitwa Luanda, hataitika, na mzee wa kijiji ataandika kwamba hajulikani alipo.